Kadi ya bima na bili ya saratani: tumetoka wapi mpaka hapa

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliandika kidogo kuhusu uvimbe kwenye titi, na inboksi yangu ikajaa. Cha kushangaza, wachache sana waliniuliza kuhusu uvimbe wenyewe. Wengi waliuliza pesa. "Sista, SHA inalipa kemo?" "Mamangu alikuwa na NHIF miaka yote, mbona sasa anaambiwa aongeze?" "Nikiandikisha leo, nitahudumiwa kesho?"

Ningeweza kuwajibu kwa mstari mmoja mmoja, lakini majibu hayo hayashiki mpaka ujue bima yetu ilizaliwaje. Bima ya Kenya haikutengenezwa kwa ajili ya saratani. Ilitengenezwa kwa ajili ya kitanda. Hilo likikuingia, mambo mengi yanayowakasirisha pale dirisha la malipo mtayaelewa, hata kama hasira haitaisha. Nitaandika kwa sehemu, mtu asome akinyonyesha, aendelee kesho.

Tuanze kabla ya bima. Mwaka 1965, Kenya ikiwa bado changa, serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa kwenye hospitali zake. Matibabu ya serikali yakawa bure. Wazee wetu wanaosema "zamani hospitali ilikuwa bure" hawaongopi. Ila "bure" ya wakati ule ilikuwa ya malaria, ya kidonda, ya kujifungua. Saratani wengi waliipata bila hata kuijua jina. Mtu alikonda, akapelekwa kwa mganga, akarudishwa, akazikwa. Kulikuwa hakuna bili kwa sababu kulikuwa hakuna matibabu.

Mwaka uliofuata, Julai 1966, ikaundwa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, hii NHIF tuliyokua nayo wote. Angalia jina vizuri: bima ya HOSPITALI, si ya afya. Aliyelazimika kulipa ni mwajiriwa wa mshahara wa shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi, na alikatwa shilingi 20, basi. Meneja alikatwa 20, karani alikatwa 20. Ukilazwa, hazina inalipia kiasi fulani kwa kila siku uliyolala. Mvuvi wa Vanga au mama wa mboga wa Kongowea hakuwemo kabisa. Kundi hilo lilifunguliwa mlango mwaka 1972, tena kwa hiari.

Mwaweza kuuliza, hao wasiokuwemo walifanyaje? Walifanya tuliyofanya siku zote. Chama. Mchango. Kufa na kuzikana. Kina mama wa mtaani kwetu walikuwa na bima kabla serikali haijawa nayo, tofauti ni kwamba ya kwao ililipa zaidi ukishakufa kuliko ukiwa mgonjwa. Sanda, chakula cha matanga, nauli ya maiti. Hata leo chama hicho hicho kitatoa laki kwa mazishi ndani ya siku mbili, na mgonjwa akiwa hai aombaye elfu ishirini za skani atazungushwa mwezi. Mimi hili linaniuma, nasema wazi.

SEHEMU YA 2

Tuliishia 1972. Ruka mpaka Desemba 1989.

Nchi ilikuwa imebanwa na madeni, Benki ya Dunia na wenzake wanataka serikali ipunguze matumizi, ikaja "kuchangia gharama". Ada zikarudi hospitalini. Kelele zikawa nyingi, ada zikasitishwa 1990, kisha zikarudi kwa awamu. Hazijatoka tena, zimebadilika sura tu.

Mwaka huo huo wa 1990 makato ya NHIF nayo yakabadilika. Badala ya shilingi 20 kwa kila mtu, ikawa kulingana na mshahara: wa chini kabisa 30, wa juu kabisa 320. Mwaka 1998 ikapata sheria mpya, ikatoka chini ya wizara na kuwa shirika linalojitegemea. Na hapo, kwenye 30 mpaka 320, ikakaa miaka 25.

Fikiria hilo kidogo. Mwaka 1990 mpaka 2015, bei ya unga imepanda mara ngapi? Bei ya dawa? Daktari aliyepata laki tatu kwa mwezi mwaka 2014 alikatwa 320, pesa ya kuku nusu. Kila palipojaribiwa kupandisha, kulizuka kesi. Vyama vya wafanyakazi vilikwenda mahakamani, na siwalaumu sana, maana mwaka 2012 ilikuja kashfa ya kliniki hewa: bima ya watumishi wa serikali ililipa pesa kwa vituo ambavyo watu wakienda kuvitafuta hawavioni. Nani atakubali kuongezewa makato baada ya hapo?

Katikati, mwaka 2004, Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa Wakenya wote. Waziri wa Afya wakati huo, Charity Ngilu, ndiye aliyeupigania. Rais Kibaki hakuutia saini. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Kwa hiyo tulikaribia, tukarudi nyuma, na ikachukua miaka karibu 20 kusogea tena.

Sasa saratani inaingia wapi? Inaingia hapa. Bima ya kitanda inakufaa ukipata ajali, ukipasuliwa tumbo, ukijifungua. Unalala, unalipiwa, unatoka. Lakini saratani haitibiwi kwa kulala. Kemo unakuja asubuhi, unawekewa dripu, jioni uko nyumbani unatapika kwenye beseni lako mwenyewe. Mionzi ndiyo kabisa: dakika chache kwenye mashine, siku 5 kwa wiki, wiki 5 au zaidi, kila siku unakuja na kurudi. Kabla ya yote hayo kuna kipimo cha kukata kinyama, kuna CT, kuna damu kila mara. Yote ni ya mgonjwa anayetembea kwa miguu yake.

Basi kwa miaka mingi mtu alikuwa na kadi halali, amekatwa mshahara tangu ujana wake, anapougua ugonjwa ghali kuliko yote anakuta sehemu kubwa ya matibabu yake haimo. Wauguzi walionitangulia wanasimulia wagonjwa waliolazwa usiku mmoja ili tu bima ikubali kulipa kitu. Kitanda kinachukuliwa na mtu asiyehitaji kitanda, na mwenye kuhitaji kitanda analala chini.

Na hapo sijataja umbali. Kwa miaka mingi, hospitali ya umma yenye mashine za mionzi nchi nzima ilikuwa moja: Kenyatta, Nairobi. Mgonjwa wa Lamu, wa Mandera, wa Kwale, wote foleni moja. Foleni ilihesabiwa kwa miezi. Saratani ya mlango wa kizazi iliyokuwa ya kutibika mwezi wa 2 haikuwa ile ile mwezi wa 10. Bima hata ingelipa kila senti, isingenunua muda.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu wengi wenu mnaikumbuka wenyewe, kwa hiyo nitakwenda haraka mwanzoni.

Aprili 2015 makato mapya yakaanza: kutoka 150 hadi 1,700 kwa wenye mshahara, na 500 kwa mwezi kwa anayejilipia mwenyewe, ambaye awali alilipa 160. Watu walilalamika. Lakini ndipo kwa mara ya kwanza kadi ya mtu wa kawaida ikaanza kulipia mgonjwa asiyelazwa, na muda si mrefu vikaongezwa vifurushi maalum: kusafishwa figo, skani, upasuaji mkubwa, na saratani.

Kwa saratani, viwango vilivyojulikana zaidi vilikuwa shilingi 25,000 kwa kikao cha kemo ya kawaida na 3,600 kwa kikao cha mionzi, kila kimoja kwa idadi maalum ya vikao.

Nitawaambia kilichobadilika wodini, maana nilikiona. Kabla, mgonjwa akiambiwa ana saratani, swali la kwanza la mume lilikuwa "tuuze nini?" Shamba, ng'ombe, pikipiki. Baada, swali likawa "kadi iko hai?" Si jambo dogo hilo. Watu walianza kumaliza vikao sita vya kemo bila kuuza shamba. Si wote. Lakini walikuwepo, na mbeleni hawakuwepo.

Ila sasa likazuka jambo la pili, na hili lisome taratibu. Bima ikishaweka kiwango, kiwango hicho kinageuka kuwa bei. Kikao cha kemo ambacho dawa zake ni za elfu 12 kinaweza kuandikwa 25,000, kwa sababu 25,000 ndiyo iliyopo. Na kikao ambacho dawa zake ni za elfu 60 mgonjwa anaambiwa aongeze 35,000. Kwa hiyo mwenye saratani yenye dawa rahisi analindwa vizuri, na mwenye saratani yenye dawa ghali ana kadi hiyo hiyo, analipa makato yale yale, na bado anafungua kikundi cha WhatsApp cha kuchangisha. Mkiona mtu mwenye bima anachangiwa msimseme. Si kwamba anadanganya.

Kisha vikao vinaisha. Saratani haijui kuwa umebakiwa na kikao kimoja. Mwezi wa 9 kifurushi cha mwaka kimekwisha, daktari anataka miwili zaidi, na familia inaanza kuhesabu siku mpaka mwaka wa kadi uanze upya. Hospitali moja niliyofanya kazi, sitaitaja, kulikuwa na mama wa watoto watatu aliyekosa vikao viwili hivi hivi, akingojea kifurushi kifunguke. Karani wa malipo alimwambia bila kuinua macho, "Rudi kikifunguka." Alirudi. Uvimbe uliokuwa umeanza kunywea ulikuwa umerudi kujaa.

Julai 2019 nchi ilizizima. Ndani ya mwezi mmoja tulipoteza watu watatu wakubwa: Bob Collymore wa Safaricom tarehe 1, mbunge wa Kibra Ken Okoth tarehe 26, gavana wa Bomet Joyce Laboso tarehe 29. Wote saratani. Wote walikuwa wametafuta matibabu nje ya nchi. Kila redio ikazungumzia saratani. Na swali la mtaani lilikuwa halali kabisa: ikiwa wao wenye uwezo wa kwenda Uingereza, Ufaransa na India wamekufa, mimi wa 500 kwa mwezi niko wapi?

Jibu la kweli lina pande mbili. Upande mmoja, pesa peke yake haitibu saratani iliyochelewa kugunduliwa au iliyo kali tangu mwanzo. Upande wa pili, saratani nyingi zinazotuua sisi si za aina hiyo. Kwa hesabu za kimataifa za mwaka 2022, Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani karibu 44,700 na vifo zaidi ya 29,000. Ya matiti na ya mlango wa kizazi ziko juu kabisa kwa wanawake, na zote mbili zikikamatwa mapema zina matibabu.

Baada ya 2019 mambo yalisogea. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilifunguliwa, vikaja vituo vya saratani vya kikanda Nakuru, Garissa na hapa kwetu Mombasa. Mgonjwa wa Pwani hakulazimika tena kupanga chumba Nairobi wiki tano. Mwaka huo huo wa 2019, Oktoba, chanjo ya HPV ikaanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10. Hiyo ni kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, na haihitaji kadi yoyote. Kama binti yako amefikisha miaka 10 na hajachanjwa, acha kusoma, weka kikumbusho kwenye simu, kisha urudi.

SEHEMU YA 4: WATOTO

Hii niliahidi kuiandika peke yake, kwa sababu wengi wenu mna wadogo.

Kuna saratani ya taya inayovimbisha uso wa mtoto kwa siku chache tu. Daktari mpasuaji wa Mulago, Uganda, Denis Burkitt, ndiye aliyeieleza mwaka 1958 na ikabeba jina lake. Inaonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi: Uganda, Magharibi ya Kenya, na Pwani pia. Kinachonishangaza kila mara ni kwamba ni moja ya saratani za kwanza duniani kuonyeshwa kuwa zinaweza kuyeyushwa kwa dawa, na dawa zake si za bei ya kutisha. Yaani ugonjwa ulijulikana hapa, na dawa za zamani zinauweza. Bado watoto walikufa nao.

Kwa nini? Hapa Eldoret ina somo. Watafiti wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi walifuatilia watoto wenye saratani na wakaangalia jambo moja tu rahisi: mzazi alikuwa na NHIF siku mtoto alipogunduliwa, au hakuwa nayo? Watoto wa wazazi waliokuwa na kadi walikatiza matibabu kwa uchache zaidi, na waliopona kati yao walikuwa wengi zaidi. Hospitali ile ile, madaktari wale wale, dawa zile zile. Kadi ndiyo iliyotofautisha.

Mnajua kukatiza matibabu ni nini? Si mzazi mbaya. Ni mzazi aliyeletewa bili ya awamu ya kwanza, akaambiwa mtoto hatoki mpaka ilipwe, akahangaika, akalipa, na awamu ya pili akaogopa kurudi. Mtoto ameanza kucheza, uvimbe umenywea, mzazi anajiambia amepona. Miezi mitatu baadaye umerudi, na sasa dawa haziuwezi. Kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni kumeua watoto ambao hawakuzuiliwa, waliokimbia kuzuiliwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya kina mama waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Uamuzi upo. Mazoea nayo yapo.

Kwa hiyo la vitendo, na naliandika kwa herufi kubwa mnisamehe: MWANDIKISHE MTOTO KWENYE KADI YAKO AKIWA MZIMA. Wengi mnajiandikisha nyinyi na mume, mtoto mnasema baadaye, cheti cha kuzaliwa hakijatoka. Fuatilia hicho cheti. Mtoto aliyezaliwa Machi na hayumo kwenye kadi Desemba, akiugua, utaanza kuhangaikia karatasi siku ambazo ungepaswa kuwa maabara.

Na mabano kidogo, hayahusu bima: ukimpiga mtoto picha na mwanga wa simu, jicho moja likatoa weupe kama wa paka badala ya wekundu, mara zaidi ya moja, mpeleke akaangaliwe. Usingoje.

SEHEMU YA 5

Tumefika SHA.

Oktoba 19, 2023 Rais Ruto alitia saini sheria nne za afya, mojawapo ya kuanzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema tatu kati ya sheria hizo zina kasoro za kikatiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda, na Oktoba 1, 2024 NHIF ikazima, SHA ikawaka. Sheria ilikuwa bado iko mahakamani huku mgonjwa yuko kitandani.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa migumu, na wagonjwa wa saratani na wa figo ndio walioumia, kwa sababu wao hawana "nitarudi wiki ijayo". Mfumo haufunguki, jina halionekani, NHIF imeacha madeni ya mabilioni kwa hospitali, na hospitali zingine zikasema leteni pesa taslimu. Nililaza watu kwenye benchi. Siwezi kuipamba hiyo.

Lakini tuutazame mfumo wenyewe. Makato sasa ni asilimia 2.75 ya mapato yote, si ngazi tena. Wa mshahara wa 20,000 alikatwa 750 NHIF, sasa ni 550. Wa 50,000 alikatwa 1,200, sasa ni 1,375. Wa 100,000 alikatwa 1,700, sasa 2,750, na hakuna kikomo cha juu. Kwa hiyo aliye chini amepunguziwa na aliye juu ameongezewa, ndivyo bima ya jamii inavyotakiwa kuwa, mwenye nacho anambeba asiye nacho. Nikisema hivi walimu wenzangu wa chama wananinunia.

Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, baada ya kuulizwa maswali kuhusu nyumba yako, maji, choo, mifugo. Kasoro iko hapa: mnatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. 300 kwa mwezi mama wa mahamri anaiweza. 3,600 kwa siku moja, pamoja na karo za Januari, hapana. Ndipo ukaja mkopo wa "Lipa SHA Pole Pole". Jina zuri, ila ni mkopo, soma masharti.

Kwa nini wanalazimisha mwaka mzima? NHIF nayo mwaka 2020 ilikaza hivyo hivyo: mwanachama mpya wa kujilipia asubiri siku 90, kisha alipe mwaka. Sababu ni kwamba sisi tunajiandikisha tukiugua. Fikiria chama cha wanawake 20 ambapo kila mtu anajiunga asubuhi ya zamu yake ya kupokea. Mwezi wa pili hakina senti. Najua si ujanja, ni umaskini, huwezi kulipia ugonjwa usiokuwepo wakati unga ndio usiokuwepo. Lakini hesabu ya mfuko haijali sababu.

Sasa saratani. SHA ilipoanza, kila kaya ilipewa hadi 400,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa bima ya jamii, na zikiisha, 150,000 zaidi kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Jumla 550,000. Neno la kuangalia ni KAYA. Si mtu. Mama na mtoto wakiugua mwaka mmoja, wanagawana. Na viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo usitegemee andiko langu wala la mtu wa TikTok. Pale hospitalini kuna dawati la SHA, muulize mhusika: kilichobaki kwenye kaya yangu ni ngapi leo? Andika jibu na tarehe.

SEHEMU YA 6, ya mwisho

Nichukue mfano mmoja tuuhesabu pamoja, kwa sababu mmoja wenu ameniuliza kuhusu Herceptin ya dadake.

Kuna aina ya saratani ya titi inayoitwa HER2 chanya. Inajulikana kwa kupima kile kinyama kilichokatwa. Ni kali, lakini ina dawa yake maalum, Herceptin ya kampuni ya Roche, inayotolewa kila wiki 3 kwa takriban mwaka. Karibu dozi 18.

Dozi moja ilikuwa ikienda kama 120,000. Dozi 18 ni 2,160,000. Ukiwa na zile 550,000 za SHA ulipata dozi 4, na zilibaki elfu 70 ambazo hazikuweza kununua ya tano. Na hapo hujalipia kemo nyingine wala mionzi. Dozi 4 kati ya 18 ni kama kujenga msingi wa nyumba ukaishia hapo, mvua ikaja.

Mwaka 2025 Wizara ya Afya ikakubaliana na Roche. Bei ya dozi ikashuka hadi 40,000, na SHA ikachukua kulipa hizo 40,000. Dozi 18 sasa ni 720,000 badala ya milioni mbili na zaidi, na mgonjwa hatoi mfukoni.

Dawa haikubadilika hapo, chupa ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayenunua. Mgonjwa mmoja akienda duka la dawa na mchango wa harambee, hana sauti, anaambiwa bei, analipa au anaondoka. Mnunuzi anayesema "mimi ninanunua kwa niaba ya nchi" anasikilizwa. Kwangu hii ndiyo kazi kubwa ya bima ambayo tulichelewa kuitumia. Miaka yote tulibishana makato yawe ngapi, na kiwango cha kikao kiwe ngapi, na ni mara chache sana tulimuuliza mwenye dawa kwa nini bei yake ni hiyo.

Kwa dada wa yule aliyeniandikia: bei hiyo haipatikani kila hospitali, ni zile zilizomo kwenye mpango. Kwa hiyo kabla hamjanunua dozi hata moja kwa pesa yenu, mwende na majibu ya HER2 na kitambulisho, muulize kama hospitali yenu imo, na kama haimo, mwombe barua ya rufaa kwenda iliyomo.

Yaliyobaki nje ya kadi mnayajua. Nauli. Chakula. Mtu wa kulala na watoto. Kibarua ambacho mume ameacha ili amsindikize mkewe. Na kubwa zaidi, vile vipimo vya mwanzo, kabla hujaitwa mgonjwa wa saratani. Kifurushi cha saratani kinafunguka ukishakuwa na karatasi inayosema ni saratani. Ultrasaundi, kukata kinyama, kusomwa kwa kinyama, mara nyingi vinatoka mfukoni, na hapo ndipo ninapowapoteza wengi. Mama anaambiwa elfu kadhaa za kipimo, anasema nitarudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi una mambo yake.

Kwa hilo, mnaoweza kubadilisha kitu leo ni nyinyi wa vyama. Tengeni kisanduku kidogo, kando ya kile cha mazishi, cha kipimo cha kwanza. Kikundi kimoja cha kina mama huku Likoni wanatoa shilingi 50 kila Ijumaa kwa kazi hiyo tu. Mwanachama akihisi uvimbe anachukua, haulizwi maswali, anarudisha akiweza. Waliniambia wameshalipia vipimo vinne. Vitatu havikuwa saratani. Cha nne kilikuwa, cha hatua ya kwanza, na mwenyewe yuko kwenye kikao cha tatu cha kemo, kadi inalipa.

Maswali ya kadi leteni kwenye maoni. Ya titi lako mwenyewe, njoo inboksi, au bora zaidi njoo kliniki. Uchunguzi wa mlango wa kizazi na wa matiti unafanyika kwenye zahanati na vituo vya afya, asubuhi, wala hauhitaji kufunga kula.